Sofa Nyeupe ya Mama Divin

Baada ya miaka ishirini na mmoja na nusu, Bi Généreuse Nabintu, ambaye wote tunamwita Mama Divin, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, kutoka duka letu la samani na vyombo vya Kidenmaki hapa Toronto.

Aliajiriwa Novemba 2003, mgeni kutoka Bukavu, kwa majaribio ya miezi mitatu. Alifuta vumbi, akapanga vikombe, na kushangaa duka lenye viti arobaini huku wateja wote wamesimama.

Wiki ya mwisho ya majaribio tukaambiwa wakubwa wanakuja kutoka Copenhagen. Meneja, Bi Kirsten, alitaka sofa nyeupe ya mbele ing'ae. Aliyetumwa kumwarifu Mama Divin ni mimi, Kinoti wa stoo, nami nikaufupisha ujumbe kama ninavyofupisha kila kazi: kesho kuna wageni, tayarisha sofa.

Kwao, sofa ya wageni huvalishwa. Asubuhi tuliikuta na vitambaa vyake vya kufuma, vya waridi na kijani, mgongoni na mikononi. Vikombe vya maonyesho alikuwa amevifunika kifudifudi visiingie vumbi. Bi Kirsten akawa mweupe kuliko sofa.

Mama Divin akaitwa ofisini. Watoto wake wawili walitegemea kazi ile. Mimi nilikuwa nyuma ya makatoni, nikihesabu taa nilizokwisha kuzihesabu. Mlango ulikuwa wazi, nikamsikia akijibu kwa Kiingereza chake cha miezi mitatu: "Mlisema wageni wanakuja. Kwetu kiti cha mgeni hakiachwi uchi."

Jina langu hakulitaja.

Kabla vitambaa havijaondolewa, wakubwa wakaingia. Mzee wao akavipita viti vyote, akaketi kwenye sofa ile na kuuliza kama kuna kahawa. Kazi ikabaki. Vitambaa viliondolewa mchana ule ule, tusidanganyane, lakini tangu siku hiyo sofa ya mbele ni ya kukaliwa. Mama Divin amewaketisha hapo wazee wanaosubiri basi, na maharusi wa mtaa wa Flemingdon Park wanaotazama kila kitu na kuondoka na mshumaa mmoja.

Ametufundisha kazi wengi, akiwemo Joyeuse, meneja wetu wa sasa. Mama Divin huunganisha meza bila kusoma karatasi ya maelekezo. Mimi huisoma yote, na bado hubakiwa na skrubu tatu.

Leo, hapa ukumbini Weston, kuna kiti kimoja kilichovalishwa kitambaa. Nimekifuma mwenyewe kwa wiki sita. Ua lililo katikati, watu watatu wameniuliza kama ni kaa.

Mama Divin, asante kwa kazi yako, na kwa jina ambalo hukulitaja. Tunakuombea afya, wajukuu wenye kelele na asubuhi zisizo na kengele. Leo mgeni ni wewe. Karibu ukae.