Nicanor Obare Alikuwa Likizo

Wachungaji, familia, majirani, na waheshimiwa mlioketi hema la mbele lenye viti vya kitambaa, mimi ni Lynnet, binti ya Rael, mjukuu wa marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya babu yangu, Kwara, ila niseme mapema kwamba karatasi mliyogawiwa pale langoni imekatwa sehemu moja, na hiyo sehemu ndiyo nitakayoisoma polepole.

Nicanor Obare alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 hapa Kosele, mtoto wa tatu wa Mzee Caleb, mkulima na shemasi wa Sabato, akaanza darasa la kwanza hapa hapa mwaka 1964, akamaliza sekondari Kendu Bay mwaka 1975, ambako aliwahi kufungua redio ya shule bila ruhusa na kuirudisha ikishika stesheni ambazo haikuwa ikishika.

Tarehe 6 Juni 1977 alijiunga na Jeshi la Anga, akasomea ufundi wa redio Nairobi, akamwoa Leonida, bibi yetu tunayemwita Dana, aliyeketi hapa mbele, kanisani Rangwe mwaka 1980, wakapata Elijah mwaka 1981, kisha mama yangu Rael, aliyezaliwa Ijumaa tarehe 30 Julai 1982, na ni kwa sababu ya uzazi huo Kwara aliomba likizo ya wiki mbili, akapewa, akaja nyumbani.

Hapo karatasi yenu inaruka moja kwa moja hadi 1983, "akarudi nyumbani kufanya biashara". Kamati ya mazishi ilikubaliana hivyo Jumatano, na mjomba Elijah, mwenyekiti, akaniambia, "Lynnet, andika tu alifanya kazi Nairobi, mambo ya ndege wachana nayo, wewe una degree na unatafuta kazi, utajiharibia jina mbele ya mheshimiwa." Mjomba, nakupenda, lakini nimetuma maombi ya kazi miaka minne nikiwa na jina safi kabisa, na hakuna ofisi hata moja iliyonijibu, so hilo jina nalilinda kwa ajili ya nani?

Basi sikieni. Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali kule Nairobi, Kwara alikuwa kwa hii boma akianika nepi, redio ikiwa dirishani, akasikia asubuhi kwamba serikali imeanguka na baadaye kwamba haijaanguka, na wenzake walipoitwa waripoti, majirani walimwambia ajifiche, yeye akapiga pasi sare yake, akampa Dana karatasi ya likizo aiweke ndani ya Biblia isije ikararuka, akaenda kwa miguu mpaka kituo cha polisi, kwa sababu mtu ambaye hajakosa anajificha nini? Hilo ndilo kosa lake la mwaka ule, kuamini kwamba wangeuliza kabla ya kupiga. Walimpiga mpaka sikio la kushoto likafa, wakamfungia miezi minane bila kumshtaki kwa lolote.

Dana alimfunga mama yangu mgongoni, mtoto wa wiki tatu, akasafiri na ile karatasi hadi lango la gereza, askari akaisoma yote, sahihi na muhuri, akamrudishia na kumwambia, "Mama, mwezi huu hakuna mtu wa anga aliyekuwa likizo."

Aprili 1983 Kwara alitolewa akiwa na barua ya mistari miwili, kwamba huduma zake hazihitajiki tena, akafungua kibanda cha redio sokoni Rangwe, akamzaa Bonface mwaka 1986, na kwa miaka thelathini na tisa aliitegea kila redio sikio la kulia, huku nyinyi mkimwita Mwasi, "Mwasi, hebu niangalizie hii," wengine kwa utani na wengine kwa kumaanisha, na aliitika, maana hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumuuliza alikuwa wapi siku ile.

Mwaka 2022 alipatikana na kisukari, mwaka jana figo zikalemewa, akafariki nyumbani Jumanne tarehe 3 Februari 2026, na maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa, "Nyathina, mtoto wangu, karatasi iko?"

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuchotea maji wiki nzima, mafundi wa Rangwe waliofunga vibanda leo, erokamano, pamoja na wale wazee watatu waliotumikia naye jeshini, ambao wamekuja kimya wakaketi nyuma kabisa juani, wazee wetu, hema la mbele lina nafasi.

Jana kamati ilipendekeza karatasi ile ya likizo izikwe naye ili mambo yaishe, ikawekwa kwa jeneza, na leo asubuhi Dana ameitoa na kunipa mkononi. Inasema Nicanor Obare, fundi wa redio, ameruhusiwa kuwa nje ya kambi kuanzia Jumatatu tarehe 26 Julai hadi Jumatatu tarehe 9 Agosti 1982, sababu, mke anajifungua. Sahihi iko, muhuri uko, na haizikwi, inarudi ndani ya Biblia ya Dana, na mwenye kutaka kuisoma aje nyumbani aombe.

Kwara, ulikuwa likizo, Kosele yote imesikia, sasa pumzika kwa amani.