Paja la Fundi Cherehani

“Babu, kaa,” muuza maua alisema, akiinuka kumpisha kiti basini. Fundi cherehani mstaafu akang'ang'ania nguzo.

“Sikai, mjukuu wangu. Nimetoka kupimwa paja kwa ile mashine ya kutazamia wajawazito. Daktari kanionyesha msuli: umekuwa mwembamba kama kiwiko cha shati kuukuu.”

“Si uzee tu huo?”

“Uzee kidogo, kudekezwa kwingi. Mke wa mwanangu haniachi hata nijichotee maji ya kunywa.”

“Anakuheshimu. Kaa!”

“Kaa wewe!”

Hakuna aliyekubali, kiti kikasafiri peke yake kama bosi. Basi liliposimama, mkwe alikuwa kituoni, kanyoosha mikono yote miwili, tayari kumbeba.

“Haya, babu,” muuza maua akacheka, “kamkatalie na huyo.”