Mama Kavugho Jemima na Seringi za Wino

Baba pasteur, bazee, bamama, majirani ba avenue yetu, na ninyi bote mulioacha kazi leo ili mukae na sisi chini ya bâche hii ya turubai, mimi ni Kataliko, kaka mukubwa wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake kabla sanduku halijabebwa. Kuna neno moja aliniomba kwa kitanda cha hospitali nilisome mbele yenu, nitalifikia. Munisamehe kama sauti yangu iko kavu, tangu Alhamisi mwili wangu ni kama mbao, batu banalia karibu yangu na mimi ninaangalia tu viti, donc nitasoma vile nimeandika, pole pole, mpaka mwisho.

Mama Kavugho Jemima alizaliwa Lubero, tarehe 14 mwezi wa tatu 1984, kwa baba yetu Mathe, mulimaji wa viazi, aliyetutangulia, na mama yetu Anne-Marie, ambaye amekaa pale kwenye mukeka. Masomo ya primaire alifanya Lubero toka 1990 mpaka 1996, secondaire hapa Butembo, akapata diplôme ya État mwaka 2003. Hakuwa mutu wa kelele, lakini kichwa chake kilikuwa kigumu, akisema hapana ni hapana, mama atanishuhudia.

Mwaka 2004 alipata kazi Beni, katika secrétariat moja ya kupiga kopi na kuandikia batu barua, na kule ndiko aliona cartouche za imprimante, vile visanduku vya wino vya mashine ya kuchapa, zinatupwa kwa sababu wino umekauka ndani, zikamuuma roho, akaanza kuzibeba nyumbani na kujifundisha kuzisafisha. Tarehe 18 mwezi wa saba 2009 alifunga ndoa na Malachie Vagheni, mwalimu, bakakuja kukaa hapa Kimemi katika parcelle hii, na Mungu akabapa batoto batatu, Élise mwaka 2010, Abdias 2013, na Providence 2017.

Kazi yake alifanyia kwenye meza ya kulia, bengi benu munaijua meza ile, mulileta pale cartouche zenu zilizokataa kuandika kwa sababu courant ya umeme ilikosa, mashine ikalala na wino ukakauka. Alivaa gants za mpira mikononi, akalaza kichwa cha cartouche juu ya kitambaa chenye maji ya moto kidogo, wino uliokauka ukafunguka taratibu, kisha akaigandamiza juu ya karatasi laini mpaka mistari mitatu itokee, mwekundu, wa bulu na wa manjano, na kama mustari mumoja ulikosa alirudilia tena bila kukasirika, jambo ambalo kwa mambo mengine halikuwa tabia yake. Halafu alichukua seringi, kila rangi na seringi yake, akashusha sindano ndani ya kitundu kidogo cha juu, akasukuma wino mpaka sponji ya ndani ishibe. Malachie alikuwa anasemaka kwamba bibi yake anapenda cartouche kuliko bwana, naye alikuwa anajibu kwamba cartouche ukiisha kuisafisha inanyamaza.

Sasa ninafika mwaka 2019, na ninajua kuna benye bangependa niruke. Ulikuwa wakati wa Ebola, batu balikuwa banakufa Beni na Butembo, équipe za Riposte, bale ba kupiganisha Ebola, zilipita na gants na seringi, na batu bengi balisema ugonjwa unatoka ndani ya seringi zile. Asubuhi ya tarehe 23 mwezi wa ine, Kavugho alisafisha cartouche za shule moja, akamwaga maji yake inje kama kawaida, na maji yale, mekundu kwa sababu ya wino, yakaingia ndani ya rigole, mufereji wa avenue, yakashuka mbele ya milango yenu. Mama mumoja akayaona, akafuata rigole mpaka hapa, akachungulia kwa dirisha, akaona gants zenye vidole vyekundu na seringi zimepangwa juu ya meza, akapiga kelele kwamba Ebola inatengenezwa humu ndani. Mama yule alikuwa ametoka kuzika mutoto wake, na hilo pia nimeliandika kwa sababu ni kweli. Mawe yakaanza, meza, mashine na chupa za wino vikatolewa inje na kuchomwa, Kavugho akatokea mulango wa nyuma na Providence mugongoni, anasema ni wino, ni wino tu, nani angemusikia?

Alikimbilia Mavivi, karibu na uwanja wa ndege wa Beni, kwa dada yetu Katungu, akakaa kule mpaka mwezi wa munane 2020, wakati Ebola ilikuwa imeisha. Katungu alimuambia abaki, akasema ah, nyumba yangu iko Kimemi, nitakaa kwa batu mpaka lini. Akarudi, akaanza kazi tena, lakini seringi haikuingia tena ndani ya nyumba hii hata moja. Alijaza wino na kichupa cha dawa ya macho, tone kwa tone, kazi ya kitambo kidogo ikawa ya asubuhi nzima, akaifanyia kwenye baraza ili kila mupita njia aone, na maji ya kusafishia akayaweka ndani ya bidon, akayamwaga kwenye choo cha nyuma. Pole pole mukarudisha cartouche zenu, mukamusalimia vizuri, mukakula naye kwenye ndoa za batoto benu, mais neno la siku ile hakuna aliyelitaja, na batoto ba avenue baliendelea kuita batoto bake batoto ba sindano.

Mwezi wa pili 2024 alianza kukonda na kunywa maji mingi, munganga akakuta ni kisukari, na mwezi wa tano mwaka huu akamuambia vidonge havitoshi, ajipige sindano ya insuline asubuhi na jioni, nyumbani, yeye mwenyewe, kama bagonjwa bengine. Infirmière akamufundisha, Kavugho akasikiliza vizuri, mikono yake ilishazoea seringi, kisha akakataa, akasema haleti seringi Kimemi. Munganga alifikiri anaogopa kuumia. Mimi nilimusihi, nikamuambia mambo yale yamepita, akaniuliza, nani alikuambia yamepita? Basi kila asubuhi na kila jioni alipanda pikipiki mpaka kituo cha afya, bakamupigia sindano kule, akarudi kwa cartouche zake.

Mwanzo wa mwezi huu muji ulifungwa, ville morte, matairi yakaungua barabarani, hakuna pikipiki iliyotembea. Siku ya kwanza alienda kwa miguu asubuhi, jioni akashindwa, na kesho yake hakuweza kusimama. Malachie alitaka kutuma mutu kwa pharmacie ya hapa karibu, alete dawa na seringi, akamushika mukono, akamuambia batu bataona, tungoje barabara ifunguke. Tukangoja. Tulipomufikisha hospitali alikuwa anapumua kwa haraka, akaongea na sisi kidogo, akanituma neno lake, na Alhamisi tarehe 6 mwezi wa kumi na moja 2025, saa nane ya muchana, alikata roho. Anaacha bwana, batoto batatu, mama, dada mumoja, na mimi.

Familia inashukuru baganga na infirmière bote waliomutunza, balimu banaofundisha na Malachie, na kanisa lililoimba hapa toka juzi. Majirani, juu yenu tulibishana. Malachie alitaka nisibataje, mama yetu akasema andika, balileta maji, kuni, maharagi, viti, bâche, balikaa na sisi bila kwenda kulala kwao, basi nimeandika. Asante, ninaisema kwa mudomo, moyo utafuata kama utaweza.

Na neno lake ni hili. Seringi zile zilikuwa za wino. Kavugho Jemima hakupiga mutu sindano hata siku moja, hata yeye mwenyewe hakujipiga.

Dada yangu, nimelisema, bote bamesikia. Pumzika sasa, na amani ya Mungu ikae na wewe.