Mwinyimvua na Kitabu Asichoweza Kukiuza

Kwa miaka kumi na tisa nimemficha Mwinyimvua Shuaibu jambo moja: mwandishi anayemtafuta ni mimi. Kamati iliniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba hii ya kumuaga, nami nimeona nianze na hilo, kwa sababu daktari wangu ameniuliza mara mbili kama kuna jambo lolote ningependa kulimaliza, na sioni jingine.

Mwinyimvua anastaafu leo, Jumamosi tarehe 28 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kuuza vitabu kando ya barabara, karibu na stendi ya Bagamoyo. Mchuuzi hana mwajiri wa kumstaafisha, kwa hiyo amejistaafisha mwenyewe. Aliomba ruhusa, akajifikiria kwa wiki nzima, kisha akajikubalia. Sababu aliyoitoa ni magoti.

Alizaliwa Mkange na kuja mjini akiwa kijana kuuza karanga. Karanga alizifunga kwa karatasi za vitabu chakavu, na kabla ya kuifunga kila karatasi aliisoma, mbele na nyuma, mteja akiwa amesimama. Biashara ilidorora. Mwisho aliacha karanga akabaki na karatasi.

Ratiba yake ya siku haijabadilika tangu nimjue. Akitoka kuswali alfajiri husoma. Kukipambazuka huenda uwanjani kucheza na timu yetu ya maveterani, ambako ni golikipa. Baadaye hutandika turubai lake ubavuni mwa duka la vitenge la Bi Khairiya, akapanga vitabu, akaketi, akasoma tena. Alasiri, wateja wakipungua, huandika hadithi zake mwenyewe. Huzitoa fotokopi, huzibana pini, kisha huzichomeka katikati ya vitabu vya watu wengine bila kusema ni za nani. Zinanunuliwa. Akiulizwa mwandishi wake ni nani hujibu kwamba ni mtu wa hapa hapa.

Wakati wa kufunga, Bi Khairiya hutoka mlangoni na kumuuliza, kama alivyomuuliza jana yake:

"Mwinyimvua, leo umeuza au umesoma?"

"Nimesoma, Bibi."

"Basi kamwambie mkeo achemshe karatasi."

Bi Khairiya ndiye mnunuzi wake mkubwa kuliko wote. Hataki lisemwe.

Ana sharti moja la kazi ambalo wachuuzi wenzake wanaliona kuwa ni ugonjwa. Hauzi kitabu ambacho hajakimaliza kukisoma. Muuguzi mmoja wa Dar es Salaam, Bi Adila, alishuka kwenye basi mara moja tu ili anunue riwaya aliyoiona kupitia dirisha la basi.

"Nimebakiza sura mbili, dada. Kaa hapo kwenye benchi," Mwinyimvua alimwambia.

"Lakini mimi ndiye mnunuzi."

"Najua. Ila mimi sijui ninachokuuzia."

Bi Adila alikaa. Basi likamwacha. Leo ni mkazi wa Bagamoyo na ndiye katibu wa kamati iliyoandaa sherehe hii.

Sasa nakuja kwenye kitabu chenyewe. Kinaitwa Abiria wa Msata, kina jalada la kijani, na Mwinyimvua alikipata ndani ya furushi la vitabu alilolinunua kwenye nyumba ya marehemu mmoja. Kinahusu kijana anayeshuka Msata kunywa chai, basi likaondoka na mchumba wake Shaima pamoja na mizigo yote. Anamfuata kitabu kizima. Mwishowe anafika Kerege, anamwona Shaima amekaa barazani, amempa mgongo. Anamwita. Hapo ukurasa unakwisha, na kinachofuata ni jalada.

Mwinyimvua aliamua kwamba kurasa za mwisho zimechanwa. Bila mwisho, hajakimaliza. Kwa kuwa hajakimaliza, hawezi kukiuza. Amekuwa akikipanga turubaini kila asubuhi na kukiondoa kila jioni, na watu waliotaka kukinunua wamerudi mikono mitupu.

Mimi nilikuwa nikifundisha Kiswahili sekondari, na kila Ijumaa nilipita kwake. Siku alipokipata alinionyesha.

"Shikamoo, mwalimu. Hebu mwone huyu bwana. Anaandika vizuri, ila hawajui wanawake kabisa."

Nilisoma ukurasa mmoja nikiwa nimesimama, nikamwambia kwamba ni kweli. Baada ya kukubaliana naye hivyo ilikuwa vigumu kujitambulisha. Jalada lina jina la kubuni, nalo lilinisitiri. Mwaka uliofuata aliniuliza kama ninaweza kumjua mwandishi huyo, maana nimesoma na watu wengi. Nilimjibu kwamba huenda amekwisha kufa. Kwa hali yangu ya sasa, jibu lile linakaribia kuwa sahihi.

Hakukata tamaa. Aliulizia Mkange, Msata na Saadani. Alipokosa, akaanza kuwatungia wateja mwisho, kila mmoja wa kwake. Vijana aliwaambia Shaima aligeuka na kucheka. Wanawake watu wazima aliwaambia Shaima aligeuka, akamtazama vizuri kijana, akauliza iko wapi mizigo. Mzee mmoja mjane aliambiwa kwamba hakuwa Shaima bali dada yake. Siku moja wateja wawili, Ashatu na Najim, walikuja wamegombana, kila mmoja na mwisho wake, wakamtaka aseme ukweli ni upi. Alisema ukweli anao mwandishi. Mimi nilikuwepo, nikaomba radhi kwamba nina mtu ananisubiri.

Nisisahau michezo. Mwaka juzi tulicheza fainali ya maveterani na Kerege. Mpira ulikuwa upande wa pili, Mwinyimvua akaona apitie tena ukurasa ule wa mwisho. Tukafungwa. Mfungaji, Bwana Khamis, alipouokota mpira wavuni alikiona kitabu kimefunguliwa nyuma ya nguzo.

"Unasoma nini, mzee?"

"Mtu kafika kwenu Kerege, anamwita mchumba wake."

"Kageuka?"

"Ndicho ninachotaka kujua."

Refa alipuliza filimbi mara tatu kabla mchezo haujaendelea.

Haya yote nayaandika kwa furaha, lakini kuna jambo linalomkera mwenzetu. Amekwisha kuahirisha kustaafu mara mbili kwa ajili ya kitabu hiki. Wiki hii ameuza vingine vyote kwa bei ya kutupa, na turubai limebaki na kimoja. Alikuja kunitazama juzi, akakaa pembeni ya kitanda, akasema atastaafu kwa sababu magoti yamekataa, ila atakuwa ni mfanyakazi aliyeiacha kazi katikati. Mwinyimvua hasemi mambo ya namna hiyo. Usiku ule nilimwita mjukuu wangu Najma, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, nikamwomba aniletee kalamu.

Mwinyimvua, kwa niaba ya maveterani, wasomaji wako, Bi Khairiya na wote walioachwa na mabasi kwa sababu yako, tunakushukuru. Umetufundisha kungoja. Mwenyezi Mungu ayape nafuu magoti yako na akupe umri wa kusoma bila kuulizwa umeuza nini. Andika hadithi zako, na safari hii weka jina.

Kuhusu kurasa zile: hazikuchanwa. Hazikuwahi kuwepo. Kijana aliyeachwa na basi Msata ni mimi. Nilifika Kerege, nikamwona, nikamwita, kisha nikaona haya, nikadandia lori lililokuwa likipita kabla hajageuka. Nilipokuwa nikiandika nilifika pale pale, na mpiga chapa akanisubiri wiki tatu, mpaka nikamwambia achape hivyo hivyo. Mwisho wako wowote kati ya ile uliyowapa wateja unaweza kuwa ndio, kwani mimi sijui kama aligeuka. Kitabu kile, ndugu yangu, ulikimaliza siku ile ile ya kwanza.