Kopo Juu ya Kabati

Benchi lao liko mbele ya duka la dawa pale Mount Druitt, mtaa wao wa ugenini, karibu na stesheni, na kila Jumapili baada ya ibada linakuwa mali ya wazee watatu. Duka wamelipa mgongo, macho yao yako kwa mabasi. Methodi ndiye mwenye chupa ya kahawa ya tangawizi. Ndikumana wanamwita Redio kwa sababu hazimwi. Wilondja, Mkongo aliyefundisha hesabu kwenye kambi ya wakimbizi, ndiye Profesa. Jana walimzika Fiacre, kijana aliyekuwa hata ndevu hazijamkolea, na kanisani ikatangazwa kwamba moyo wake ulisimama. Moyo wa nani hausimami akifa, Methodi aliwaza, akamimina kahawa.

— Moyo! Redio alianza. Kijana anabeba maboksi usiku kucha, moyo gani huo? Ni lile friza la ghala. Unaingia na jasho, damu inaganda.

— Non, non, akakataa Profesa. Ni vile vinywaji vya makopo vya kuleta nguvu. Anakunywa, kisha anaenda kulala. Yeye amelala, moyo unakimbia. Wataelewana wapi?

— Basi vijana wote mtaani kwetu wangekwisha.

— Ngoja. Zamu yao inakuja.

— Toba, Profesa! Udongo haujakauka!

Redio akashusha sauti, jambo alilolifanya mara chache.

— Mimi nasikia kuna mtu aliitaka kazi ya Fiacre, akanyimwa. Mtu huyo ana shangazi Bujumbura. Shangazi huyo anafanya kazi na nywele za watu.

— Fiacre alikuwa ananyoa kipara!

— Ndiyo maana ilichukua muda. Walizifuata kwa kinyozi.

Methodi alicheka kidogo, na mgongo ukamkumbusha kwamba haupendi kicheko. Redio akamwona akijishika kiuno.

— Bado tu, Baba Gift? Vile vidonge vyako vimeisha? Ulivyonipa vya goti, mama wee! Nililala kama gogo.

— Vipo. Vimo kwenye kopo.

Wote waliotoka kambini walikuwa na kopo. Kule, kidonge hakikutupwa. Ukipona, kilichobaki ni cha jirani atakayeugua kesho, na mtu aliyemwaga dawa alisemwa vibaya kuliko mwizi. Kwa hiyo Methodi alipopasuliwa mgongo, akapewa vidonge vikali vya maumivu, vilivyobaki alivitia kwenye kopo la biskuti juu ya kabati la jikoni. Daktari alikuwa amemwambia avirudishe duka la dawa. Methodi aliyaona hayo kuwa maneno ya watu walioshiba.

— Na kijana wako? Profesa akauliza. Alikuwa mutu wa karibu sana na marehemu.

— Tangu siku ile hapati usingizi. Anazunguka ndani kama mlinzi. Lakini leo, Mungu ni mwema, amelala. Nimetoka kuja ibadani anakoroma, ukuta unatetemeka. Mama yake yuko kazini. Nikamfunika blanketi, nikavuta mlango taratibu.

— Usingizi ni dawa, akasema Redio.

Mlango wa duka nyuma yao ukafunguka. Alitoka Aline, dada mkubwa wa Fiacre, anayefanya kazi ya kutunza wazee mtaa wa St Marys, kitambaa cheusi bado kichwani, mfuko mdogo mkononi. Wazee wakataka kusimama.

— Shikamooni. Kaeni tu, baba zangu. Nilikuwa nakuja kwako, Baba Gift. Nimekusikia nikiwa mlangoni. Umesema nani anakoroma?

— Gift, mwanangu. Kama trekta. Acha apumzike.

— Fiacre naye alikoroma.

Redio akamsogezea nafasi kwenye benchi.

— Alikoroma sana, Aline akaendelea. Mama akamfunika, akasema mtoto amechoka na shifti. Sote tulifurahi kwamba amelala. Kumbe ni pumzi, baba, ilikuwa inakatika. Haukuwa moyo. Ni vidonge vya maumivu, na hakuvinunua barabarani. Gift aliniambia jana makaburini, analia. Walivitoa kwenye kopo la biskuti.

Kikombe cha Methodi kilianguka. Hakuna aliyekitazama.

— Sikuja kukulaumu. Nimekuletea hii. Akafungua mfuko. Dawa ya kupuliza puani, inamrudishia mtu pumzi. Wanaitoa bure humu ndani, hawaulizi kwa nini. Na kesho nilitaka nimpeleke Gift kliniki ya vijana, wamekubali kumwona. Baba, kabla ya kutoka, ulijaribu kumwamsha?

— Ningemwamshaje? Amelala!

Alipolisema, akalisikia. Mzee aliyekuwa akiinuka kwa vipande viwili, kwanza magoti kisha kiuno, aliinuka mara moja. Nyumba ilikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya kiwanja cha mpira. Alivuka bila kutazama mabasi, funguo mkononi. Basi likapiga breki, dereva akatukana.

Aline alimfuata mbio, mfuko kifuani, huku akibonyeza ziro mara tatu, namba ya dharura. Profesa na Redio nyuma yao, wakihema. Simu aliiweka kwenye spika. Mwanamke wa gari la wagonjwa, mtulivu, alichukua anwani, kisha akauliza jambo moja. Aline akaligeuza Kiswahili, akalirusha mbele kwa sauti yake yote:

— Baba Gift! Wanauliza, anapumua?

Redio akamtazama Profesa. Profesa akatazama nyasi za kiwanja. Mbele yao Methodi alikuwa mlangoni, na ufunguo ulikataa kuingia.

Simuni, mwanamke akauliza tena.