Mlango Usio na Ngazi

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Ngazi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi wa injini. Alisoma shule ya msingi ya hapo hapo relini, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, akamaliza mwaka 1979. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Mama yake alisema mtoto huyu hata uji aliuhoji kabla ya kuunywa.

Mwaka 1983 aliajiriwa kuwa karani katika idara ya msaada wa kisheria, ile inayowapa wasio na uwezo wakili wa bure, na baadaye akakabidhiwa kazi ya kutafuta majengo ya ofisi zake. Wenzake walidhani ni kazi ya kuzunguka na funguo. Yeye aliamini mnyonge hushindwa kesi mlangoni, kabla hajamwona hakimu. Kila alipoonyeshwa chumba, swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna ngazi, na jina likamganda.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti na mvulana. Pamoja na mume alipata mama mkwe mwenye nyonga mbovu, na huyo ndiye akawa kipimo chake. Alimshusha kituo cha basi, akamwacha aende na fimbo yake hadi ndani ya chumba, yeye akifuata kwa mbali. Bibi akifika bila kupumzika na bila kuulizwa anamtaka nani, chumba kimefaa. "Nilimtafutia mwanangu mke," bibi alizoea kulalamika, "kumbe nimejitafutia ajira."

Kwa miaka mingi vyumba alivyovichagua walipewa wengine. Mwaka 2009 hatimaye alikipata kimoja: chini kabisa, mlango mpana, karibu na kituo. Bibi alifika salama, na mzee mmoja mpole aliyekaa barazani alinyanyuka akampa kiti chake. Bibi akarudi akisifu adabu ya watu wa pale, na mkataba ukasainiwa siku hiyo hiyo.

Mzee yule ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, na nusu ya vyumba vya kupanga vya mtaa ule vilikuwa vyake. Mambo yote yalipitia kwa dalali, na marehemu, aliyepima kila kitu, hakuuliza jengo ni la nani. Kila asubuhi mzee alikaa palepale, akimkaribisha kila anayeingia: "Karibu, mwanangu. Leo unamshitaki nani?"

Wapangaji wake wakawa wanageuzia njiani. Fundi cherehani mmoja, mjane, alifika na notisi ya kuhamishwa ameikunja kiganjani, akamwona mzee, akasema alikuwa anaulizia choo tu. Wiki iliyofuata vyombo vyake vilikuwa nje, cherehani inanyeshewa. Marehemu alipita akaviona. Alilia kama aliyefiwa, na tangu hapo hakuwa yule tuliyemzoea.

Aliomba ofisi ihamishwe. Ikahamishwa kweli: ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Alipolalamika, mkuu wake alimwambia mwenye shida hupanda. Alibisha hodi kila mlango hadi alipostaafu mwaka 2021, akitwanga maji kwenye kinu.

Mwaka uliofuata moyo wake ulianza kudhoofika. Daktari alimkataza kupanda ngazi, naye akasema laiti daktari huyo angekuwa mkuu wake. Alilazwa tarehe 2 Juni 2024. Jioni moja alimwuliza mumewe kama ofisi imeshushwa. Mwalimu hakuwahi kumdanganya. "Bado, mama watoto," alimwambia. Marehemu akageukia ukutani. Alifariki alfajiri ya tarehe 11 Juni.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na mama mkwe wake wa miaka tisini, aliyekaa pale mbele. Jana bibi alidai aonyeshwe mahali hapa kwanza. Alishuka barabarani, akaja na fimbo yake hadi kwenye kaburi bila kupumzika, akakataa kiti alichopewa.

"Na shamba hili ni la nani?" aliuliza.

Akaambiwa ni makaburi ya umma, hayana mwenyewe.

"Basi," alisema, "hapa panafaa."

Apumzike hapa kwa amani.