Kura Sita za Mzee Joash Masinde

Kati yenu mlioketi hapa, ni nani aliyeandika namba moja tu kwenye karatasi ya kura, akaacha namba mbili na tatu wazi?

Mzee Joash Masinde alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Busiu, akasoma hapa hapa hadi darasa la saba, mwaka 1976, kisha mwaka 1984 akahamia Masese, Jinja, akaendesha gari la samaki miaka arobaini, na tarehe 9 Desemba 1989 akamwoa Mama Nanyama, wakajaliwa watoto wanne, wa mwisho akiwa Nandutu, anayewasomea haya, mwenye digrii ya takwimu na asiye na kazi, bambi, maskini, tangu 2021.

Tarehe 18 Januari 2025 kikundi cha samaki cha Masese, alichokuwa mwanachama Mzee, kilichagua mwenyekiti kwa kupanga majina, wa kwanza, wa pili, wa tatu, katiba ikidai theluthi mbili ya kura bila kusema kura zipi, na kuhesabu akapewa Nandutu, "msomi wetu", jina analoitwa watu wakitaka kazi ya bure. Karatasi zilikuwa tisini, wagombea watatu, Mzee 44, Isiko 26, Namono 20, Namono akatolewa kwa kuwa wa mwisho, kati ya kura zake kumi na mbili zikaenda kwa Mzee aliyeandikwa wa pili, mbili kwa Isiko, na sita hazikuwa na jina la pili, wenyewe wakiona kuandika wa pili ni kumsaliti Namono. Mzee akafika 56, ambazo kwa karatasi 84 zilizobaki hai ni ushindi kamili, ila kwa zote tisini amepungukiwa nne. Nandutu aliogopa kuambiwa amembeba baba yake, akahesabu kwa tisini, kiti kikabaki wazi, Mzee akamwambia, "Kama ndivyo ulivyosoma, mwanangu, basi yaishe," kumbe Nandutu sivyo alivyosoma.

Tarehe 2 Machi kifua kilimbana Mzee, gari la kikundi likiwa limeegeshwa hatua ishirini kutoka mlangoni mwake, lakini halitoki bila sahihi ya mwenyekiti, na Isiko, ambaye ni katibu, akasema, eti, yeye si mwenyekiti, ssebo, bwana mkubwa, basi Mzee akapakiwa kwenye bodaboda, mvua ikinyesha, akafariki saa tano asubuhi, daktari akisema amechelewa kuletwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Masese, madereva wenzake, na Jamil wa bodaboda, ambaye hakuuliza sahihi ya mtu.

Pumzika kwa amani, Papa, ulishinda, na aliyekunyima ni mimi Nandutu.

Nanyi kamati, Isiko ukiwa wa kwanza, kabla jeneza halijashuka, andikeni kwenye katiba theluthi mbili ni ya kura zipi, na kiti kikiwa wazi ni nani anatoa gari.